Mama mkwe anakojoa nyekundu baada ya kemo, wifi ametutengea vyombo

Sista, shikamoo.

Nina miaka 27, nimeolewa Korogwe, nina mtoto wa miaka minne na mimba ya miezi mitano. Tunaishi na mama mkwe. Mwaka huu alikutwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, kisha daktari akamwandikia kemo mizunguko minne, mmoja kila baada ya wiki tatu. Wa kwanza ameupata Dar, na leo ni siku ya 11. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakupata ruhusa, kwa hiyo nilimsindikiza mimi.

Walimtundikia dripu, halafu sista wa pale akaja amevaa gauni, barakoa na glavu, ameshika bomba kubwa lenye dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Akawa anaisukuma polepole kwa mkono, macho hayabanduki kwenye mshipa. Mama akaninong'oneza, "Kama hii ni dawa, mbona mwenyewe anaiogopa?" Sikuwa na jibu. Maelezo tulipewa, lakini harakaharaka, foleni ilikuwa ndefu na mimi kizunguzungu kilikuwa kimenishika.

Kesho yake tukapanda basi. Chalinze likasimama watu wachimbe dawa. Mama akatoka chooni anatetemeka, akasema amekojoa damu. Niliingia kuangalia, ni kweli, nyekundu. Njiani alitapika mara mbili, na kanga yake niliifua mwenyewe kwa mikono tulipofika.

Wifi yangu alikuja kutoka Muheza kumjulia hali. Aliposikia hayo akasema ile ni sumu, na kwamba mama sasa ana mionzi mwilini. Sahani, kikombe na kijiko cha mama akavitia alama ya rangi ya kucha, vinaoshwa kando. Mtoto amekatazwa kupakatwa na bibi yake. Mama anakula barazani peke yake. Juzi nilimkuta analia, akaniambia mzunguko wa pili haendi, afadhali afe akiwa mtu. Jirani naye ameleta majani ya mlonge na mizizi fulani, anasema vitamsafisha.

Sista, ile ilikuwa damu? Mimba yangu iko hatarini? Wifi yuko sawa? Mama ana vidonda mdomoni, na pale walipomchoma panauma, mshipa umekuwa mweusi. Nimekuwa nikimkanda kwa maji ya moto. Jana usiku alikuwa wa moto kidogo akawa anatetemeka, nikampa Panadol mbili, akatoka jasho akalala. Leo amekunywa uji nusu kikombe.

Mke wa Mwanawe, Korogwe

—

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wengine mtanisamehe, jibu hili lilianzia kwenye simu. Nilipofika kwenye ule mstari wa Panadol niliiweka barua chini nikapiga namba aliyoiacha, maana barua inaweza kusubiri gazeti lakini homa ya siku ya 11 haisubiri hata daladala ijae. Nilimwambia asitoe Panadol nyingine, atafute bodaboda au gari, ampeleke mama hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo. Akifika asiseme "mama ana homa" akakaa kwenye benchi. Aseme: "Mgonjwa yuko kwenye kemo, leo ni siku ya 11, usiku alikuwa na homa na kutetemeka." Na aweke mezani karatasi aliyopewa Dar.

Nieleze kwa nini nilipaniki hivyo, mimi niliyefanya kazi ya usista kwenye wodi ya kemo hadi nikastaafu.

Dawa ya kemo hukimbilia seli zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini haiko peke yake: nywele, ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu, vyote huguswa. Uboho ukiguswa, seli nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua siku hadi siku. Kwa hii dawa nyekundu hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda, na kufikia siku ya 21 kwa kawaida zimerudi. Hizo wiki tatu mnazopangiwa zimetoka hapo.

Sasa fikiria mtu ambaye askari wake wamekwisha. Bakteria wa kawaida tu, hata wale waliokuwa wakiishi kwa amani utumboni au kwenye kidonda cha mdomo, wanaingia kwenye damu. Jipu halitoki, usaha haupo, kwa sababu usaha wenyewe ni seli nyeupe zilizokufa. Dalili inayobaki ni homa peke yake. Ukimpa Panadol, hata hiyo umeifuta, na ugonjwa unaendelea kimyakimya. Nimeona mtu anayeongea vizuri saa mbili usiku na asubuhi presha haipimiki.

Kwa hiyo nunueni kipimajoto, kikae pale pale kitandani. Nyuzi 38 au zaidi ni hospitali, mchana au usiku. Kutetemeka kwa baridi, hata kabla hujapima, ni hospitali. Na huku kwetu kuna mtego mmoja zaidi: malaria. Zahanati watachoma kidole, kipimo kikiwa na mistari miwili watatoa dawa ya mseto na kuwarudisha nyumbani, kikiwa na mmoja watasema ni uchovu. Kwa mgonjwa wa kemo majibu yote mawili hayatoshi. Anaweza kuwa na malaria na maambukizi mengine kwa pamoja. Ombeni damu yake ipimwe kwa ukamilifu, wahesabu seli nyeupe.

Walihesabu. Zilikuwa chini sana. Mama alilazwa, akawekewa antibayotiki za mshipani, na siku ya tano aliruhusiwa. Yuko nyumbani, anakula. Tuendelee na mengine bila presha.

Ile haikuwa damu. Dawa yenyewe ni nyekundu, na sehemu yake hutoka na mkojo siku ya kwanza na ya pili. Jina lake ni doksorubisini, na wengine huiita kwa jina la biashara, Adriamycin. Asili yake ni bakteria wa udongo uliochotwa jirani na ngome ya kale, Castel del Monte, kusini mwa Italia, upande wa bahari ya Adriatiki. Lile jina la biashara lilitokana na bahari hiyo. Bakteria wenyewe hutoa rangi kama ya kito cha rubi, ndiyo hiyo uliyoiona Chalinze. Daktari alipaswa kuwaambia mapema, na pengine aliwaambia wakati wewe unatafuta pa kukaa.

Lakini usiondoke na neno hilo nusu. Katika dripu za mama bila shaka ilikuwamo siklofosfamidi pia, maana kwa saratani ya titi hizi mbili hutembea pamoja. Hiyo haina rangi, ila mabaki yake huchubua kibofu. Kwa hiyo mkojo ukibaki mwekundu baada ya siku mbili, au ukiuma, au ukitoka na mabonge, hapo ni damu kweli na mnarudi hospitali. Kinga yake ni maji: siku ya dawa na siku mbili zinazofuata anywe kwa wingi, glasi baada ya glasi, na asikae na mkojo. Najua safarini watu hujinyima maji wasimsumbue dereva. Safari hii asumbuliwe.

Sasa wifi yako. Neno "sumu" hakukosea sana, amekosea kipimo. Mionzi ndiyo haimo kabisa. Kemo si mionzi, na hata wale wanaopigwa mionzi ya mashine kutoka nje hawarudi nayo nyumbani. Mama anaweza kukaa nanyi, kulala nanyi, kula nanyi sahani moja. Mjukuu ampakate atakavyo. Masharti ni kwamba mtoto awe mzima, kwa sababu mtoto mwenye mafua, surua au tetekuwanga ndiye hatari kwa bibi. Nyumba nzima mmekuwa mkijikinga na mama, na aliyehitaji kukingwa alikuwa yeye. Ile sahani ifuteni rangi ya kucha irudi kabatini.

Kuhusu yule sista aliyevaa kama anaingia vitani: yeye hushika dawa hiyo ikiwa nzito, chupa baada ya chupa, wagonjwa kadhaa kwa siku, kwa miaka. Tone moja likimrukia ngozini linachubua, na yeye hana saratani ya kumfanya avumilie. Mimi nilivaa glavu mbili kila siku ya kazi na bado nilikuwa nanawa kama daktari wa upasuaji. Mama aliuliza swali zuri, alistahili kujibiwa pale pale.

Panapohitajika tahadhari ni kwenye vinavyotoka mwilini mwake siku za mwanzo: mkojo, choo, matapishi. Kwa dawa nyingi za kemo tunahesabu saa 48, lakini kwa hii nyekundu watengenezaji wenyewe husema angalau siku tano, kwa sababu nyingi hupitia ini na kutoka na choo taratibu. Siku hizo tano atumie choo akiwa amekaa au amechutama vizuri, asirushe pembeni. Kama ni cha kuvuta maji, mfuniko ushushwe na maji yavutwe mara mbili. Kama ni cha shimo, mwagieni maji ya kutosha na tundu lifunikwe. Kopo la usiku likimwagwa, lisuuzwe kwa sabuni hapo hapo. Anayemsaidia avae glavu, akivua anawe mikono kwa sabuni. Kanga au shuka iliyochafuka iwekwe kwenye beseni lake, ifuliwe peke yake kwanza, kisha ndiyo iingie na nguo nyingine. Jua la Korogwe litamaliza kazi.

Na hiyo kazi, mwanangu, si yako. Dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito na anayenyonyesha hawagusi vitu hivyo. Hapo ndipo ningependa kumwona wifi na hofu yake: avae glavu amwage kopo, wewe upike uji. Ile kanga uliyoifua mara moja kwa maji na sabuni isikukoseshe usingizi, ila mweleze mkunga utakapokwenda kliniki, ajue.

Mshipa mweusi. Hapa nitakaa kidogo. Doksorubisini ikipita ndani ya mshipa ni dawa, ikivuja nje ya mshipa ni moto. Inaunguza nyama polepole, mara nyingine kidonda huonekana siku kadhaa baadaye, na nimeona mkono uliohitaji kupandikizwa ngozi. Macho ya yule sista hayakubanduka kwa ajili hiyo. Mama akichomwa safari ijayo na akahisi kuungua, kuwashwa au kuvimba, aseme papo hapo, hata kama sista ana haraka, hata kama anaona aibu. Wazee wetu hujikaza. Kwenye dawa hii kujikaza ni kosa. Na ikitokea imevuja, hukandwa kwa baridi. Maji ya moto huisambaza. Kwa hiyo hiyo huduma yako ya upendo uiache. Umeniambia daktari wa wilaya ameutazama mkono na hakuona dalili ya kuvuja, ni mshipa wenyewe uliochubuka, na hilo hutokea sana. Lakini pakitokea malengelenge, ngozi kuwa ngumu au kidonda kufunguka, msingoje tarehe.

Vidonda vya mdomo vinatibika jikoni kwa sehemu kubwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Mswaki laini. Pilipili, ndimu na chai ya moto sana vipumzike. Uji, mtori, maziwa yaliyochemshwa, papai alilomenyewa papo hapo. Zile siku za katikati, za 7 hadi 14, kachumbari na kiporo nisivione. Akishindwa kabisa kumeza maji, ni hospitali tena.

Kutapika kwenye basi kunaniambia dawa za kichefuchefu alizopewa alizimeza alipotapika. Ndivyo wengi wanavyofanya. Zinamezwa kwa saa, kabla, hata kama anajisikia vizuri. Na kama kati yake ipo deksamethasoni, nayo hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apime.

Nywele zitaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, kwa mkupuo, zitabaki kwenye mto. Muambie leo, asije akaamka nazo mkononi. Zinarudi dawa zikiisha. Kucha na viganja vinaweza kuwa vyeusi, hayo yanapita.

Lisilopita kirahisi ni moyo. Doksorubisini huchosha misuli ya moyo, na uchovu huo hujumlishana dozi kwa dozi, unaweza kujitokeza hata miaka baadaye. Madaktari hawapendi jumla ya maisha yote ivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Hiyo mita ya mraba hupatikana kwa urefu na kilo, ndiyo maana walimpima kabla ya kumchoma. Mizunguko minne ya kawaida ya titi ni 60 mara nne, yaani 240, kwa hiyo mama yuko mbali na mpaka. Ulizeni tu kama moyo wake ulipimwa kwa ultrasaundi kabla ya kuanza, na kama ana presha daktari ajue. Miguu kuvimba, pumzi kubana akilala chali, kuomba mito miwili badala ya mmoja, hayo si uzee.

Mlonge wa jirani mpokeeni kwa shukrani na muuweke. Majani mawili matatu kwenye mboga sina ugomvi nayo. Hiyo mizizi ya kuchemsha ndiyo siitaki. Dawa hii hutolewa na ini, na ini likipewa mizizi isiyojulikana kwa wakati huo huo linaweza kushindwa zote mbili. "Kumsafisha sumu" kutafanywa na ini lake na maji ya kunywa.

Limebaki la mama kukataa mzunguko wa pili. Sidhani anakataa dawa. Amekataa kula barazani. Mrudisheni mkekani kwanza, halafu mzungumze. Mkizungumza mwambieni kwamba safari ya pili haitakuwa kama ya kwanza: daktari ataambiwa alilazwa, anaweza kupunguza dozi, kusogeza tarehe, au kumpa sindano ya kupandisha seli nyeupe. Hayo yote huamuliwa kule Dar, na kabla ya kumchoma damu hupimwa upya. Akikaa nyumbani kimya, hakuna atakayejua la kubadilisha.

Safari hiyo aende na mumeo. Aombe ruhusa mapema, aonyeshe karatasi ya hospitali. Abebe karatasi ya kulazwa Korogwe, ile ya dozi ya kwanza, glavu, mfuko usiotoboka wa kutapikia, na chupa mbili za maji. Wakipata pa kulala Dar, walale usiku mmoja zaidi kabla ya kupanda basi. Na wewe hesabu kuanzia siku ya dawa, uziandike ukutani siku ya 10 hadi ya 14.